Bwana Pamba wa Mtunda

Msimu wa mwisho kabla ya vita vya Maji Maji, kamati ya pamba ya Wajerumani ilituletea mwalimu hapa Mtunda. Vidole vyake laini havikujua mpini wa jembe, lakini alivipimia nafasi ya kila shimo, huku akihubiri "Pamba ni neema" kwa sauti ya mwadhini mwenye mafua. Kila alipotua, alimtupia jicho askari mwenye kiboko. Siku moja askari akaenda haja. Mwanamina, mmoja wetu tuliokuwa tukichimba, akauliza, "Bwana Pamba, tukishinda huku kwenye pamba, mpunga atapanda nani? Wanangu wataitafuna hiyo neema?" Mwalimu akainama kama anayekagua udongo. "Zichemshe mbegu kwanza, dada. Zisipoota, sema ardhi mbovu." Katika masomo yake yote, hilo ndilo lililofika Dimani, kijiji alichopangiwa baada ya chetu, kabla yake.