Siku Niliyomwambia Mzee Amisi Atafungwa

Pa-pa-pa-pa, viatu vya plastiki kwenye saruji: mpaka leo nausikia mlio ule, na uso unaniwaka, maana aliyekuwa anakimbia ni mgonjwa, na aliyemkimbiza ni ulimi wangu.

Nilikuwa nafagia hospitalini hapa Kindu (shule niliishia la tano, lakini ndotoni nilikuwa munganga kamili mwenye koti jeupe). Asubuhi ile wauguzi, ambao ndio humtafsiria Dokteri, walikuwa uani wakifanya mazoezi ya ngoma za chama kwa ajili ya mgeni mkubwa, na Dokteri, kijana wa Kasai ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo", akauliza nani atamweleza Mzee Amisi wa Mikelenge operesheni yake. Laiti ningenyamaza. Nikasema, "Mimi, Sitwayeni Dokteri" (siku zile za chama kimoja kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia).

Mzee utumbo wa nyuma ulikuwa unamtoka kila akienda haja, naye anaurudisha kwa mkono. Dokteri akaeleza taratibu kwa Kifaransa, ambacho nilikuwa nimekiokota nikifagia wodini: wengine hupasuliwa tumbo, utumbo ukavutwa juu na kushonwa kwenye mfupa, lakini huyu moyo wake ni dhaifu, basi atapitishiwa uzi chini ya ngozi kuzunguka tundu, ukazwe kidogo. Mimi, kwa haraka ya kujionyesha, yote nikayakunja hivi: "Baba, kesho watakufunga."

"Kunifunga? Nimekosa nini, mutoto yangu? Kadi ya chama niko nayo."

"Hapana baba, watakufunga nyuma."

"Mikono nyuma?"

Akatoka mbio. Shati la hospitali halina mgongo, mnajua, na utumbo nao ukatoka kutazama mazoezi, mzee akakatiza katikati ya wachezaji, ngoma ikanyamaza. Nikavua kikwembe changu nikamfunika, nikabaki na shimizi iliyotoboka (palipotoboka msiniulize).

"Wee, unafunga watu ao unafungua?" muuguzi mmoja akanitania, wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nikapiga magoti mbele ya mzee. "Baba, ni uzi tu, kama kamba ya suruali. Unakazwa, hauzibi."

"Na mavi yatapita?"

"Yatapita."

"Apa."

Nikaapa, bila kujua lolote.

Wakamfanyia. Siku zilizofuata yeye hakwenda haja, mimi sikula. Neno "kufunga" nimewaachia askari. Kwa mgonjwa sitalitamka tena.

Halafu asubuhi moja mzee akaniita, akanionyesha chombo chini ya kitanda, akageukia ukutani. Nikakipeleka chooni peke yangu, nikainua kifuniko, nikatazama vizuri, kisha nikakisugua mpaka kikang'aa.