Perege Waliopanda Ufipa

Nimezaliwa Katandala, mjini Sumbawanga, mahali ambapo samaki hufika akiwa ameshakauka. Utotoni nilimjua dagaa wa kwenye sado na mgebuka wa moshi aliyefungwa kwenye tenga. Samaki anayepumua nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa binti mkubwa, siku tuliyopelekwa na shule kuliona Ziwa Tanganyika. Wenzangu waliingia majini kucheza. Mimi nilichuchumaa kando ya ndoo ya mvuvi nikiangalia mashavu ya samaki yakifunguka na kufungika, mpaka mwalimu akaja kunivuta mkono.

Labda ndiyo sababu nikasomea uvuvi. Nilipomaliza nikapata kazi ya mtafiti msaidizi, na badala ya kupelekwa ziwani nikaambiwa nirudi nyumbani kuhesabu samaki wa vijito vya Ufipa. Mama alicheka hadi akaweka chini ungo wa ulezi.

"Samaki gani wa huku juu, mwanangu? Wamekutuma ukahesabu vyura."

Samaki wapo, ila ni wadogo. Wengi hawazidi urefu wa kidole, rangi ya fedha, na madoa meusi ubavuni. Kazi yangu ilikuwa kuwanasa kwa wavu, kuwapima kwa rula, kuandika, kisha kuwarudisha. Nilizunguka na pikipiki ya ofisi nimevaa koti zito, maana baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina huruma na maji ya vijito yanauma mpaka kwenye mifupa.

Kuna jambo moja kuhusu Ufipa ambalo sikulijua hadi nilipoanza kazi hiyo, ingawa nimekulia palepale. Mvua ikinyesha juu ya uwanda, maji ya upande mmoja hushuka kwenda Ziwa Tanganyika, na ya upande wa pili hushuka kwenda Ziwa Rukwa. Hayakutani tena. Ndiyo maana samaki wa pande hizo mbili si wale wale. Unaweza kusimama juu ya kilima ukawa na ukoo mmoja wa samaki mkono wako wa kulia na mwingine wa kushoto, na katikati ni shamba la mahindi.

Sasa, kijiji kimoja upande wa Mwimbi kilikuwa na bwawa. Lilichimbwa kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe, likazibwa kwa tuta la udongo, na maji yake yanapojaa humwagikia kwenye kijito kinachoelekea mto Kalambo, hatimaye Tanganyika. Kwa jinsi nilivyojua, hakuna mtu aliyepanda samaki mle. Nilipita kwa sababu tu kijito kilikuwa kwenye orodha yangu. Nikatupa wavu bwawani kwa udadisi, nikavuta, na ndani yake wakaja perege wanne wanene kama kiganja cha mwanaume.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama juu ya tuta, mikono mfukoni.

"Nani alileta hawa?" nikamuuliza.

"Hawakuletwa. Walishuka na mvua."

"Mvua kutoka juu?"

"Wewe unajua mvua nyingine?" akajibu, na hakuwa anatania.

Nilimpiga picha mmoja nikamtumia mkuu wangu wa kazi, mtafiti mzee kidogo ambaye amewapima perege tangu kabla sijajua kusoma. Alipiga simu papo hapo.

"Huyu ni wa Ziwa Rukwa. Umemtoa wapi?"

"Bwawani, upande wa Mwimbi."

Akasema, "Hebu rudia."

Nikarudia. Samaki wa Rukwa alikuwa upande wa maji ya Tanganyika. Hakuogelea kufika pale, kwa sababu hakuna njia ya maji. Hata angekuwa wa Tanganyika asingeweza, maana angelazimika kupanda maporomoko ya Kalambo.

Nilirudi kijijini mara ya pili, nikauliza nyumba kwa nyumba. Wengi walisema mvua. Wengine walisema bata maji, kwamba mayai ya samaki hunata kwenye miguu ya ndege. Hilo lilinifikirisha kwa siku kadhaa, kwa sababu kwa samaki wengine watu husema hivyo, na si wajinga wanaosema. Lakini perege wale hawaachi mayai kwenye majani. Jike huyachukua mdomoni, huyatamia humo humo, na vifaranga vikitoka huendelea kuvificha mdomoni mpaka viweze kujitegemea. Yai gani lingenata kwenye mguu wa ndege?

Mara ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ukingo napima, rula mkononi, daftari gotini, nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, amejifunga kitenge juu ya sweta, kikapu cha maharage kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamtazama samaki niliyemshika. "Huyo ni jike. Ana watoto. Usimbane hivyo atawatema."

Nilimtazama samaki. Kidevu chake kilikuwa kimevimba kidogo. Nikamshusha kwenye ndoo taratibu, na kabla sijaondoa mkono akafungua mdomo. Vikatoka vifaranga vidogo kama mbegu za ulezi, wingu zima, vikatawanyika ndani ya ndoo.

"Si nimekwambia," akasema bibi.

"Bibi, umejuaje? Wanawake wa huku hawajui mambo haya."

"Mimi si wa huku. Mimi ni wa chini, ziwani Rukwa. Huku nimeolewa."

Nilijizuia nisimrukie kwa maswali. Nikamsaidia kushusha kikapu. Akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu. Nikauliza tu, kwa sauti ya chini, kama yeye ndiye aliyewaleta.

Alitazama tuta, akatazama pikipiki yangu.

"Nitafungwa?"

"Hapana, bibi. Nataka kujua tu."

Basi akanisimulia. Mume wake aliugua muda mrefu, hamu ya chakula ikamwisha. Siku moja alimwambia mkewe kwamba angeweza kula samaki mbichi, yule aliyemla ukweni siku ya posa yao. Haukupita muda bibi akaitwa kwao kwenye msiba wa kaka yake. Baada ya kuanua matanga aliwaomba wavuvi, jamaa zake, wampe perege wazima, wasiokufa. Walimcheka, wakampa sita. Akawaweka kwenye ndoo ya maji ya ziwa na kupanda nao lori la mpunga, ndoo katikati ya magoti.

"Tulipoanza kupanda mlima wakaanza kuhema juu ya maji. Nikaona hawa wanakosa pumzi. Nikachukua kikombe. Nachota, namimina kutoka juu. Nachota, namimina. Mpaka Sumbawanga mkono ulikuwa hauinuki."

"Nani alikufundisha kufanya hivyo?"

"Nani wa kunifundisha? Niliona wanahema."

Sisi ofisini tuna mashine ndogo ya betri ya kusukuma hewa kwenye maji. Kazi yake ni ileile ya kikombe chake.

Hata hivyo perege walikufa. Wawili walikufa kwenye lori, wengine Sumbawanga alipokuwa akisubiri gari la Mwimbi. Wa mwisho alikufa akiwa karibu kufika, na bibi alilia barabarani, hakujali watu. Alipofika nyumbani alimtoa yule wa mwisho ili ampike, na alipotaka kumwaga maji akaona yanacheza. Mle ndani mlikuwa na vifaranga. Mama yao aliwatema alipozidiwa, wao wakabaki hai, maana mwili mdogo unatosheka na hewa ndogo.

"Mzee alikula?" nikamuuliza.

"Alikula, akamaliza na mchuzi. Kesho yake nikaenda kuwamwaga watoto bwawani. Nilisema wakikua nitampikia tena." Akaokota jani la nyasi akalikunja. "Alifariki kabla hawajakua."

Nilijua nikiandika alichosema nitakuwa nimepata jibu ambalo watafiti wengi hawalipati: perege wote wa bwawa lile, wanene wale, walitoka kwenye kinywa cha mama mmoja. Nilijua pia kwamba sikuwa nimemaliza. Kijito chini ya tuta kilikuwa na wale wadogo wa madoa, na ukingoni mwa kijito, siku ileile asubuhi, nilikuwa nimenasa perege mchanga. Walikuwa wameshaanza kutoka.

Nikamweleza. Nilimwambia perege anazaa sana, ni mkubwa, anaweza kuwanyang'anya wadogo chakula na mahali, na kwamba wale wadogo hawana pengine pa kwenda. Nilitegemea akasirike. Badala yake aliuliza, "Hao wadogo nyinyi mnawaitaje?"

"Tumewapa namba tu, bado hatujawa na hakika ni aina gani."

Akacheka kwa mara ya kwanza, akanitajia jina lao la Kifipa. Mimi Mfipa wa mjini sikuwa nimewahi kulisikia. Nikamwomba alirudie, nikaliandika pembeni ya ile namba.

Mkuu wangu alitaka bwawa likaushwe kiangazi, perege watolewe wote. Kwa vitabu alikuwa sahihi, na nilifika kwenye mkutano wa kijiji nikiwa nimejiandaa kusema hivyo. Lakini watu waliuliza ng'ombe wangekunywa wapi. Bibi ndiye aliyesimama, mbele ya wote, akasema samaki hawakushuka na mvua, aliwaleta yeye, na kama wanaharibu kijito basi mlango wa kutokea uzibwe. Mwenyekiti aliyaandika. Walikubaliana perege wabaki bwawani waliwe, ila asionekane mtu akiwahamishia kwenye maji mengine, na kabla ya masika tukajenga kizuizi cha mawe na wavu wa chuma mahali maji yanapomwagikia. Wanaume walibeba mawe. Bibi alikagua matundu ya wavu kwa kuingiza kidole chake kidogo, akaukataa wa kwanza kwamba matundu ni makubwa. Alikuwa sahihi, tukabadilisha.

Mkuu wangu hakuridhika, ila alikuja kuona kwa macho yake, akaketi na bibi pale ukingoni karibu saa nzima akimuuliza kuhusu kikombe.

Tangu hapo nimeweka mitego chini ya kizuizi kila masika. Mwaka wa kwanza tulinasa perege wachache kijitoni, mwaka uliofuata mmoja. Kama wale wa madoa watabaki wengi au watapungua, bado sijui, na kwenye ripoti nimeandika hivyo, kwamba sijui. Sehemu ya chanzo cha samaki niliandika mstari mrefu kuliko fomu inavyoruhusu: mwanamke mmoja wa kijiji, ndoo, kikombe, lori la mpunga, mgonjwa aliyetamani samaki mbichi. Mkuu wangu aliusoma, akachukua kalamu, nikajua anaufuta. Alirekebisha nukta moja tu, akanirudishia.