Buibui Lililotundikwa Kwetu

Kwa nini jirani yetu hakununua buibui lake? Leo nimefungua sanduku la mama, na harufu ya udi na moshi wa kuni imenirudishia swali hilo la utotoni.

Tulikaa kwenye vibanda vya makuti, nyuma ya mji wa Amu. Buibui lilitundikwa kwetu. Jirani alibisha hodi.

"Bi, niazime buibui nikahani msibani. Nitalirudisha kabla halijanizoea."

Mama alicheka, akampa. Siku ile mama hakutoka nyumbani mpaka liliporudi.

"Kwani yeye hana lake?" niliuliza kwa sauti, jirani akiwa bado mlangoni.

Mama alinifinya. Jirani alitabasamu tu, akajifunika, akaenda.

Miaka mingi baadaye, jirani alipofariki, mama aliniambia kwamba buibui lile lilikuwa la jirani. Aliyekosa lake ni mama; jirani aliliacha kwetu na kujifanya mwazimaji, mama asiaibike.