Mama Ndolo Siyo Jina

Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna harusi, matanga wala harambee iliyofanyika Zombe bila Mama Ndolo kushika mwiko. Muthokoi yake, yale mahindi ya kukobolewa kwenye kinu na kupikwa na mbaazi, ililiwa hata na wachungaji waliotuambia wamefunga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyoungua mpaka havisikii moto. Akikupakulia hakuulizi unataka kiasi gani. Anatazama tumbo lako, anajua.

Siku za soko aliuza chakula kando yangu, mimi nikiuza chai. Shamba lake lilikuwa mawe. Kilichomlisha ni sisi kukubali kula kutoka mkononi mwake, basi. Na kwetu Ukambani hilo si jambo dogo, kwa sababu muoi, yaani mchawi, hapigi mtu kwa rungu. Anamlisha.

Mwaka wa 1986 akaja Mutie, kijana wa Kikima huko Mbooni, mwanafunzi wa chuo kikuu, na viatu vya ngozi ambavyo mchanga wetu ulivimaliza kwa siku mbili. Alikuwa akiandika habari za zamani za milima ya Mbooni. Huko Nairobi, kwenye nyumba moja ya kuhifadhi makaratasi ya serikali, alikuwa amesoma kitabu cha chifu fulani wa enzi ya mkoloni. Ndani yake akakuta jina la mwanamke, akaliulizia Kikima, na mzee mmoja akamwambia, huyo alihamia Zombe, siku hizi anaitwa Mama Ndolo.

Alimsalimu kwa adabu, kofia mkononi, akimwita mwaitu, mama yangu. Mimi nikasogeza kiti nisikie vizuri.

"Nzilani," Mama Ndolo akaniambia, "nenda uangalie punda wako kama ameolewa."

Nikaondoka. Kwa hiyo waliyozungumza niliyajua baadaye, na nitayaeleza hapa kama alivyonieleza mwenyewe.

Kabla ya uhuru alikuwa bibi arusi huko Mbooni, na jina lake ni Syombua binti Mbuvi. Mtoto wa mke mwenzake akafa. Wazee wakampeleka barazani pamoja na wanawake wengine kumi. Chifu akasema: anayekubali kwamba yeye ni muoi atatoa vitu vyake, ataandikwa kitabuni, ataenda nyumbani. Anayekataa atakaa kambini mpaka akubali. Syombua alikuwa ameacha mtoto wa miezi mitatu nyumbani, na maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake mpaka kiunoni. Akakubali. Hakuwa na kitu cha kutoa, akatoa kibuyu cha samli. Karani akaandika. Alipofika nyumbani akakuta mume ameweka vyombo vyake nje, na mtoto juu ya vyombo.

Akafanya kibarua kwenye mkonge miaka kadhaa, halafu mwaka wa 1964 akashuka Zombe, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Mtoto yule alikuwa Ndolo. Kuanzia hapo yeye akawa Mama Ndolo. Lile jina la Syombua likabaki kwenye kitabu cha chifu, na baadaye kwenye kitambulisho ndani ya sanduku. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta sikulijua.

"Kwa nini ulimwambia kijana?" nilimuuliza.

"Alikuwa amesoma tayari. Kitabu kilisema nilitoa dawa. Nilitaka mtu mmoja ajue ilikuwa samli."

Tena Mutie alimwapia. Alimwonyesha karatasi aliyotia sahihi Nairobi, kwamba hatatoa jina la mtu yeyote aliye hai. "Jina lako halitaonekana, mwaitu. Hata nikiulizwa na profesa wangu."

Mwaka uliofuata kukaja bahasha kwa sanduku la posta la kanisa. Ndani kuna kijitabu cha Kiswahili kilichopigwa stensili, na barua ya asante. Mama Ndolo hakujua kusoma. Akaja nacho kifuani kama cheti cha ubatizo, pale nyuma ya kanisa tulipokuwa tunakoboa mahindi ya harambee ya Jumamosi. Vinu vinne, wanawake wanane, vumbi la makapi hadi kwenye kope.

"Soma, Nzilani. Soma pale penye njaa. Nilimweleza vizuri ile njaa."

Nilimaliza darasa la saba na sijawahi kuacha mtu asahau. Nikapanda juu ya jiwe. Nikasoma njaa, ilivyoliwa mizizi na ngozi, na akina mama wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Ukurasa ukaisha, nikafungua wa pili bila kuutazama kwanza. Mdomo wangu hutangulia macho.

"Katika orodha ya chifu," nikasoma, "kulikuwa na wanawake kumi na mmoja waliokubali kuwa waoi. Mmoja wao, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa kuwa yu hai, leo ni mpishi hodari huko Zombe. Mama Ndolo anakumbuka hivi: nilikubali kuwa muoi ili..."

Hapo nikafika. Mchi mmoja ukanyamaza, halafu wa pili, halafu yote.

"Rudia hapo," akasema Mumbua, ambaye kazi yake ya kanisani ni kujua mambo.

"Hapo hapasomeki vizuri."

"Ulikuwa unasoma kama redio. Sasa betri imeisha?"

Mama Ndolo akanyoosha mkono, nikampa kijitabu. Akakikunja mara mbili. "Mahindi hayo bado," akasema. "Twangeni." Hakuna aliyetwanga.

Jumamosi ikafika. Alikuwa amealikwa kupika na hakuna aliyekuwa na uso wa kumfukuza, kwa hiyo alipika. Sufuria tatu kubwa. Mchungaji akaombea chakula sala ndefu ambayo haijawahi kusikika, akamaliza, akachukua soda. Wazee wakachukua soda. Watoto walioenda na sahani wakavutwa na mama zao kwa sikio. Mimi nilikuwa kwenye meza ya chai, na najua nilivyofanya: nilijipa kazi ya kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mama Ndolo alisubiri kiasi cha saa nzima na mwiko mkononi. Kisha akajipakulia sahani iliyojaa, akaketi katikati ya uwanja mbele ya watu wote, akala mpaka ikaisha.

"Anakula ya kwake," Mumbua akasema, si kwa sauti ndogo. "Ya kwetu iko upande gani wa sufuria?"

Watu wakacheka. Chakula kile kiliishia kwa mbwa, na hata mbwa watu waliwatazama wiki nzima kuona kama watakufa.

Nikamwandikia Mutie barua ambayo siwezi kuirudia hapa. Alikuja baada ya wiki tatu, amekonda.

"Sikuandika jina lake," akaniambia. "Angalia mwenyewe! Syombua halimo popote."

"Na Mama Ndolo ni nini?"

"Hiyo siyo jina, ni heshima. Ningemwitaje mtu mzima? Ningeandika 'mwanamke mmoja', kama mtu asiye na mtoto?"

"Kwa hiyo umemchinja kwa heshima."

"Akina Mama Ndolo ni wengi Ukambani, dada."

"Wanaopika Zombe ni wangapi, msomi?"

Kusema kweli, Mutie hakuvunja ahadi ya karatasi yake. Alilificha jina linalojulikana na karani peke yake, akaanika lile linalojulikana na kila kuku wa soko. Na kwa sababu mimi nimejifunza kwa hasara ya mtu mwingine, mjue kwamba nimebadilisha majina: hapa hakuna Ndolo, hakuna Syombua, soko si hilo, na chakula alichopika si hicho. Mkitaka kumtafuta, tafuteni.

Tukaenda kwake. Mutie akapiga magoti mlangoni. Mama Ndolo alikuwa anachambua mbaazi za kujipikia mwenyewe.

"Mwanangu, lile jina langu ulilificha?"

"Sikuliandika popote, mwaitu. Naapa."

"Ungeliandika," akasema. "Ungeandika Syombua binti Mbuvi, na mlima, na chifu, na kila kitu. Hapa wangeulizana, huyo Syombua ni nani? Na mimi ningeuliza pamoja nao."

Mutie alizunguka siku nne akikusanya vijitabu alivyokuwa amegawa kwa makanisa na shule. Vilikuwa arobaini, akapata thelathini na kimoja. Watu ambao hawajawahi kushika hata kitabu cha nyimbo walisema wanakipenda sana, hawawezi kukiachilia.

Mvua za Novemba zikaleta surua, na watoto wawili wa upande wa mto wakafa. Hakuna aliyesema chanjo. Mawe yakatua juu ya bati lake mchana kweupe, na hakuna aliyeona nani karusha. Chifu wetu akamshauri apumzike nyumbani kwa usalama wake. Akapumzika. Siku za soko niliona pale mahali pake pamewekwa viatu vya mtumba.

Alikufa mwaka wa 1989. Ndolo, aliyekuwa akifanya kazi Mtito Andei, alikuja na jeneza zuri. Watu walijaa, maana sisi kuzika hatukatai. Mutindi, mke wa Ndolo, alipika. Alikuwa amefundishwa na mama mkwe wake, na harufu ile ilipotoka jikoni nilishika mti.

Mutindi akaita watu, karibuni chakula. Akaita tena. Wanawake wakakaza leso zao wakasema wana safari. Nikachukua sahani. Nikala mbele yao wote, nikaongeza, nikala tena, nikimtazama Mumbua kwenye macho. Muthokoi ilikuwa tamu na ilikuwa imechelewa miaka miwili.

Mutindi alisimama na mwiko, mgongo umenyooka. Mtoto wake wa miezi sita alikuwa amelala mgongoni.

"Ndolo," akamwambia mumewe bila kugeuka, "tafuta mahali pengine tuhamie. Na huko usiniite Mama wa mtu yeyote."