Hodi ya Shimoni

Binti yangu alikuwa hapiti kwenye shimo bila kupiga hodi. Hapa Kasulo watu wamechimba kila uwanja wakitafuta madini, wengine hata sebuleni mwao, na watoto wa wenzangu huyakimbia mashimo au huyatupia mawe. Wangu, wa miaka mitano, alisimama mbali kidogo na ukingo, akaweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akaita, "Odi!" Kisha akangoja. Siku moja tulichelewa shule kwa sababu ya shimo ambalo halikuwa na mtu.

Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akanishangaa.

"Shi kuko bantu mule, mama? Utapita ku mulango ya bantu bila odi?"

Nilicheka, na nilijivuna pia. Mimi nina mdomo mkali na subira sina, na adabu ile hakuipata kwangu. Asubuhi nakaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba, na wateja wangu ni hao hao wachimbaji, vijana waliotoka kila upande wa nchi. Mmoja wao, kijana mrefu wa Tenke, alichimba nyuma ya ukuta wetu. Binti yangu alimchagulia mkate mwenyewe kila siku, daima ule uliobonyea upande mmoja, maana ule wa mviringo, alisema, utabingirika na kumwangukia kichwani.

Halafu mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi binti yangu alikuja taratibu kwenye jiko langu la nje.

"Mama, leo haitike."

"Labda bado hajafika."

"Alisha kushuka. Viatu yake iko pale."

Nikaacha mafuta motoni, nikakimbia kuita wanaume. Udongo ulikuwa umeporomoka kule chini. Walimtoa mchana, na hapakuwa na la kufanya tena.

Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamefika bombani, wanawake wanapoteka maji: Mtoto alijua kabla ya watu wazima. Mtoto anaongea na mashimo. Jirani mmoja, mama wa kikundi cha maombi, alikuja kwangu na sauti laini, akaomba maji ya kunywa.

"Mama, huyu mutoto, umulete ku maombi. Bamuangalie tu."

Najua maana ya kuangaliwa. Nimemwona mtoto aliyeangaliwa: alifungiwa bila chakula mpaka akakubali kuwa ni mchawi, na baada ya hapo hata bibi yake hakumtaka tena. Nilimwambia mama yule amalize maji yake aende. Alipotoka nilifunga mlango.

Baba yake mtoto, ambaye kazi yake iko kwenye mgodi wa Mashamba, alisema kwenye simu nimfiche ndani mpaka kilio kiishe. Hakukosea kuogopa. Lakini jirani wa ukuta mmoja asipoonekana kilioni, amekwisha kukubali yote yanayosemwa. Kesho yake nikamvalisha binti yangu gauni lake, nikamkataza kuita hodi popote, nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

Upande wa pili wa ukuta wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Tulipoingia, mazungumzo yakakatika. Mama wa marehemu alikuwa amefika kutoka Tenke asubuhi ile, ameketi chini, kitenge kimefungwa kiunoni. Yule wa maombi akamwinamia sikioni, akanyoosha kidole upande wetu. Mfiwa akisema neno moja baya pale, hakuna ambaye angeweza kulifuta.

Akainua uso. "Njo huyu mutoto wa odi?"

"Njo yeye, mama," nikasema.

"Kuya hapa." Binti yangu akauachia mkono wangu, akaenda. "Mwana wangu alikuwaka ananiambia ku telefone. Anasema, mama, hapa kuko mutoto moya, iko ananipigia odi sawa vile mi niko na nyumba." Akamtazama usoni. "Na yeye alikuwaka anakujibu nini?"

Binti yangu alifikiri, kisha akajitahidi kuifanya sauti yake iwe nzito.

"Anasema: karibu, mama, lakini usiingie."

Mwanamke yule akamvuta, akampakata. Yule wa maombi akainuka kwenda kutazama sufuria.

Mimi nililia hapo hapo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu wamtoe yule kijana. Hofu juu ya mtoto wangu ilikuwa haijanipa nafasi ya kumlilia. Na siku zote zile nilidhani ni mimi niliyekuwa nikimlinda mtoto wangu na lile shimo, kumbe yule kijana naye alikuwa akimlinda, kutoka chini.