Paswadi ya Shamima

Ukiuliza kule Rangwe ni nani anayeweza kukuwekea waifai ikakaa, utaelekezwa kwa Priscilla Aluoch. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mrefu, asiyependa kuharakishwa. Alianza kazi kwa kupanda mapaa kuelekeza dishi za televisheni, wanaume wakisimama chini na kumpa ushauri ambao hakuuomba. Siku hizi ana ngazi yake mwenyewe na washauri wamepungua. Kanuni yake ni moja: hagusi mtambo kabla hajaambiwa ni nani aliyeugusa kabla yake. Hapo, anasema, watu hudanganya kuliko hata mbele ya daktari.

Alhamisi moja ya mvua za Aprili aliitwa Homa Bay mjini, nyumbani kwa Shamima, mama wa Malindi anayeuza nguo karibu na soko. Priscilla ndiye aliyeifunga intaneti ya nyumba hiyo miaka mitatu nyuma. Safari hii kilichogoma kilikuwa redio ya waifai, ile isiyo na antena, inayovuta muziki na stesheni za mbali kupitia intaneti. Ilikuwa ya Bi Kultum, mamake Shamima, aliyeletwa huku baada ya macho yake kuzimwa na presha. Simu asingeiweza, lakini redio ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa alichokijua kwa kidole. Kila asubuhi alikibonyeza akapata taarabu. Saa kumi alasiri alisikiliza stesheni ya kwao na matangazo yake ya tanzia: nani amefariki, atazikwa wapi, baada ya sala ipi.

Sasa redio ilikuwa kimya siku ya tisa. Bi Kultum alikwisha kata shauri: isiposema kufikia Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi anapanda basi kurudi Malindi, kwenye nyumba isiyo na mtu, hivyo hivyo bila macho. Hakai mahali ambapo watu wake wanakufa yeye asijue. Tiketi ilikuwa imekatwa, na Shamima alikuwa amelia mpaka akachoka kulia.

"Nani ameigusa?" Priscilla aliuliza kabla hata hajaketi.

Shamima akatazama zulia. Alisema mawingu yalikusanyika upande wa ziwa, radi ikaanza, naye akachomoa kila kitu ukutani kama wafanyavyo majirani wote. Alipochomeka tena, redio ikawaka taa nyekundu. Akaipeleka kwa fundi wa simu pale stendi, naye akafinya kitufe cha nyuma hadi ikasahau kila ilichokijua.

"Hapo sasa umesema ukweli," Priscilla akasema. "Radi haikuharibu kitu. Redio iliwaka kabla ya ruta, ikatafuta waifai, ikakosa. Ungeizima tu, ungoje ruta iamke, halafu uwase tena. Lakini huyo mtu wa stendi amefuta paswadi. Tuiweke upya."

Kazi ya dakika tano, alidhani. Simu ya Shamima ilicheza video bila kukwama, kwa hiyo intaneti ilikuwa inafika. Akaitoa redio nyuma ya friji, maana bati la friji huzuia mawimbi, akaiweka karibu na ruta. Akazima vyote viwili, akawasha ruta kwanza, akasubiri dakika tatu kwa saa ya mkononi, kisha redio. Jina la waifai likatokea. Shamima akaiandikia paswadi kupitia simu yake: shamima254.

Ikakataa. Akaandika tena polepole, ikakataa.

"Si uliniambia mwenyewe, fundi? Jina langu na mbili, tano, nne."

"Ndiyo. Jina lako."

Wakajaribu kwa herufi kubwa. Wakajaribu bila nambari. Ilikuwa saa tisa na nusu. Njia iliyobaki ilikuwa kuifuta ruta nzima, na hapo ingebidi kampuni itume mtu wake, naye asingefika kabla ya Jumatatu. Kazi hii ilikuwa ya mikono ya Priscilla, na bibi wa watu alikuwa anaondoka kwa sababu yake.

"Fundi," Bi Kultum akaita kutoka kwenye kochi. "Hebu mwite mwanangu jina lake."

"Nimuite?"

"Mwite."

"Samima."

"Tena."

"Samima!"

"Basi andika hilo hilo unalosema."

Kinywa cha Priscilla, kama vinywa vingi vya Wajaluo, hakijapatana na sauti ya "sh". Shule na shati huziandika sawasawa kwa kuwa alizisoma darasani, lakini jina la Shamima hakuwahi kuliona limeandikwa. Aliliandika lilivyomjia. Na kwa kuwa simu zote za nyumba, na redio yenyewe, aliziunganisha kwa mkono wake mwenyewe, kosa lilikaa humo miaka mitatu bila mtu kuligundua.

Akaandika samima254. Taa ikageuka kijani.

Priscilla aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. "Mimi ndiye nimekosa," akasema. "Si redio, si radi, si hata yule wa stendi. Na jina lako nimekuwa nikiliita vibaya hiyo miaka yote. Pole, Mama."

Shamima alicheka huku machozi yakimtoka. "Kosa moja haliachi mke, litaacha fundi? Mimi nilidhani ndivyo mnavyoniita huku."

Saa kumi ikafika. Bi Kultum akapapasa, akakipata kitufe, akabonyeza. Mtangazaji akaanza kusoma tanzia. Walikuwa watatu. Wa kwanza na wa pili Bi Kultum hakuwajua. Wa tatu alikuwa mwanamke waliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni, na maziko yalikuwa kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Akamwombea kwa sauti ndogo hadi akamaliza. Shamima alisimama mlangoni akingoja kusikia, sasa kwa kuwa kuna maziko, kama mamake bado anakwenda.

"Basi la kesho liende bila mimi," Bi Kultum akasema. "Kule ningekaa peke yangu tu, nikingoja zamu yangu ya kusomwa."