Siku Niliyomtemea Mgeni Mvinyo wa Dada

Katika ukoo wetu, ukikaa Nairobi kidogo unakuwa mtaalamu wa mambo yote ya ng'ambo. Mimi nilifanya kazi huko miaka michache katika duka la vitabu, nikahudhuria hafla mbili tatu ambapo mvinyo ulitolewa bure. Niliporudi kufundisha shuleni Kiirua, kwetu Meru, nikakuta nimeshakuwa mjuzi wa mvinyo. Sikukanusha, sifa za bure nani huzikataa.

Basi Januari moja, jua likiwa kali, dada yangu mkubwa anayetengeneza mvinyo wa matunda pale Nkubu akaniita. Mwenye hoteli mmoja kutoka Embu alikuwa anakuja kuchagua vinywaji vya msimu wa joto. Dada alikuwa amemwahidi mumewe kwamba mapipa yasipopata mnunuzi wa kudumu kiangazi hicho, atayafunga arudi kuuza matunda sokoni. Mama yetu angefurahi. Kanisa lake haligusi pombe. Mama huombea hata kuku wanaotaga, lakini kazi ya dada hajawahi kuitaja katika sala, na jambo hilo lilimuuma dada kuliko alivyopenda kusema.

"Wewe sema tu gani ni ya jua na gani ni ya nyama," akaniambia. "Lakini usiongee sana."

Nilijiandaa kwa simu. Nilitazama video za wazungu wakizungusha glasi, wakinusa macho wameyafumba, wakionja na kutema. Kutema ndiko kulikonivutia zaidi. Nilifanya mazoezi bafuni kwa chai ya rangi mpaka mke wangu akauliza kama naumwa.

Mwenye hoteli alifika na mama mkwe wake, bibi mzee ambaye alikuwa amempeleka kliniki ya macho asubuhi hiyo. Tukamketisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa kibanda cha mapipa. Nilianza na mvinyo wa pasheni. Nikaunusa, nikasema una harufu ya mvua ya kwanza. Wa embe, nikasema, una mwili.

"Mwili aje, mwalimu?" mwenye hoteli akauliza.

Nikazidi kuzungusha glasi. Wa matunda damu, yale mekundu yanayofanana na nyanya, nikausukuma kando, nikatangaza kwamba ni mzito mno kwa jua, huo ni wa Julai watu wakiota moto. Dada akanikazia macho. Ndio aliokuwa nao mwingi kuliko mingine yote.

Kisha nikajaza mdomo pasheni, nikageuka kutafuta ndoo ya kutemea. Ndoo nilikuwa nimeisahau jikoni. Mashavu yamejaa, macho yamenitoka, nikaona heri niteme nje mlangoni. Upepo ukaurudisha mvinyo wote kifuani mwa yule bibi.

Msomaji asiyetoka kwetu atadhani kosa langu lilikuwa uchafu tu. Laiti. Kwetu Meru, na kwao Embu vilevile, mzee akitaka kukubariki hupiga funda la pombe ya asali akakupulizia kifuani au viganjani. Mkubwa ndiye humtemea mdogo. Na mimi, mwalimu wa darasa la tano, nilikuwa nimembariki bibi mwenye vitukuu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na usoni mwake niliona kwamba kiangazi chake kimeishia hapo.

Bibi akajipangusa kidevu. "Kijana, ni wewe umenibariki mimi?"

"Samahani, shosho. Nilikuwa naonja tu."

"Hiyo haiwezi achwa hivyo. Leta ile nyekundu umeficha."

Nikampa ule wa matunda damu. Akapiga funda, akameza, akapiga lingine akameza tena. "Hii ndio ya jua," akamwambia mkwewe. "Inakata kiu. Hiyo ingine ni kama dawa ya kikohozi." Kisha akanitazama, akaamua sistahili baraka. "Mwenye kazi ako wapi? Lete mikono."

Dada akapiga magoti. Bibi akajaza mdomo, akampulizia viganjani, akasema kwa Kiembu kwamba mikono hiyo isikose kazi.

Mkwewe aliagiza matunda damu kwa msimu mzima. Nani atakataa kitu ambacho mama mkwe amekibariki mbele ya watu? Nami tangu hapo huo ndio ninaoupendekeza kwa kila anayeniuliza cha kunywa wakati wa joto. Unywe ukiwa baridi sana, na tafadhali umeze.

Wageni walipoondoka, nilimwambia dada tusaidiane kuosha glasi. Hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, viganja vimefunguka mapajani, vyekundu bado, analia. Niliziosha peke yangu. Yeye hakutaka kugusa maji mpaka jioni.